Ulichokiona Ulipomwosha Bakari

Kaka Athumani,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua maumivu na mama anakula vizuri. Mie hapa Keko naendelea kushona foronya za masofa ya mafundi. Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu nikipiga simu wifi huiweka spika, na haya nataka uyasome peke yako.

Unakumbuka nilikwambia nina uvimbe wa zambarau juu ndani ya kinywa? Hospitali walikata kipande kidogo cha nyama wakakipima, majibu yakasema mishipa ya damu imevimba tu. Nilifurahi sana. Daktari aliniuliza marehemu mume wangu Bakari alifariki kwa nini, nikajibu kifua, kama tulivyowaambia watu wa matanga. Akataka nipime damu, nikakataa. Mjane wa miaka miwili, nipime nini?

Uvimbe ukarudi, umeiva zaidi, na mwingine ukaota kwenye ufizi. Safari hii sikumwamini mtu. Walipokata tena, nilisimama pale pale mpaka daktari akaandika jina langu kwenye chupa ya kipande hicho, nikalisoma herufi kwa herufi. Majibu yalipotoka, akasema ni saratani, inaitwa Kaposi.

"Mmebadilisha chupa," nikamwambia.

"Mama, si ulinisimamia kama askari?" Akacheka kidogo, kisha akavuta kiti. "Ile ya kwanza tulikata ukingoni. Ugonjwa huu hausomeki sawa kila mahali. Sehemu nyingine unaona mishipa tu, kama uvimbe wa kawaida. Sasa tumekata katikati, tukatia na rangi ya kupimia. Ndiyo wenyewe."

Damu nayo nikapima. Nina virusi vya Ukimwi, ndivyo vilivyoipa saratani njia.

Siku tatu nzima nilimshuku yeye na chupa zake. Ya nne, fundi Shomari ninayemshonea akanitania: "Dada Mwanahawa, siku hizi unacheka umeziba mdomo, unanificha karanga?" Kweli mkono ulikuwa mdomoni. Nikakaa chini. Kaka, Bakari alicheka hivyo mwaka wake wote wa mwisho. Mie nilidhani anaona haya kwa lile jino lililong'oka. Hata chai aliingoja ipoe kabisa.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Ulimwosha pamoja na mzee wa msikiti, ukamsafisha kinywa. Ulipotoka hukunitazama usoni. Mswaki wake ulikuwa kwenye bilauri dirishani, ukauchukua, ukasema unakwenda kuutupa. Nani hukumbuka mswaki siku ya maziko?

Najua mwoshaji hasemi alichokiona kwa maiti. Tumelelewa hivyo wote, na sitaki udhalilike. Lakini alichokuwa nacho yeye sasa ninacho mie.

Jumatatu naanza dawa. Kwa hilo sikungoji. Mwanangu Zuhura nitakwenda naye siku hiyo hiyo apimwe, maana alizaliwa baba yake akiwa ameshaanza kucheka na mkono mdomoni. Ninachotaka kwako ni kujua kama nilifichwa na ugonjwa au na watu.

Msalimie mama, mwambie kanga yake ndiyo najifunika nikienda hospitali. Wifi mpe salamu, barua usimpe.

Niandikie neno moja tu: uliona, au hukuona. Ukininyamazia, nitajua uliona.

Mdogo wako,
Mwanahawa