Kasi Inayoshika Mkono

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kamera! Imeshatumika, ina mkwaruzo ubavuni, lakini ni pacha wa ile ya Dada. Nzito kama tofali. Miaka sita nimekaa kwenye studio yake nikisafisha picha za watu kwenye kompyuta – naondoa chunusi, nang'arisha meno – na sijawahi kumpiga picha mteja hata mmoja. Leo asubuhi akaiweka juu ya kibodi yangu. "Kitinda, inuka. Utaota mizizi hapo."

Somo la kwanza: gurudumu la juu lenye herufi. P – kamera inafikiri, wewe unabonyeza. A – unachagua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani, kasi inajitafuta yenyewe. S – unachagua kasi, tundu linafuata. M – kila kitu juu yako, ukiharibu usimtafute mchawi. Na ile alama ya kijani, ya otomatiki? "Hiyo ni ya mjomba aliyelewa harusini," akasema. Marufuku.

Sijui kwa nini kanipa sasa. Sikuuliza. Nisije nikanyang'anywa!

Alhamisi, 6 Machi

Leo S. Nimemaliza saa nzima mbele ya bomba la maji. Kwa moja ya elfu mbili ya sekunde, matone yanasimama hewani kama shanga. Kwa moja ya kumi na tano, maji yanakuwa uzi. Na bomba ni lile lile!

Kisha nikatoka nje, kwa fundi viatu, jirani yetu, nikampiga akigonga kisigino. Kasi ndogo – nyundo imepotea kabisa, umebaki moshi. Kanuna. Anasema nimemfanya aonekane amekaa bure.

Dada kacheka mpaka akatafuta kiti.

Jumamosi, 8 Machi

Mwongozaji wa kikundi kimoja cha maigizo kapiga simu. Picha za mazoezi alizopiga Dada wiki iliyopita hazifai kwa bango. Waigizaji wake, anasema, wako kama wamemwagiwa mchanga. Kweli. Chenga tupu. Nimehangaika nazo tangu asubuhi. Nikizilainisha, nyuso zinakuwa za nta.

Nikafungua taarifa za picha – kamera huandika kila kitu, siku, saa, kasi, tundu. Ukumbi una giza, na Dada kapiga kwa moja ya elfu moja na mia sita! Kwa kasi hiyo mwanga haupati nafasi ya kuingia. Inabidi ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipandishwe mpaka juu, na ISO ikipanda ndiyo chenga zinakuja. Mimi mwanafunzi wa siku tano nalijua hilo. Yeye ana miaka ishirini. Na onyesho lenyewe? Wazee wawili wamekaa kwenye benchi. Hawasogei!

Nikamwuliza. Taratibu, kwa heshima zote.

Akaniangalia. "Studio hii ya nani?"

Basi. Tumefunga kila mtu na njia yake.

Jumapili, 9 Machi

Nimekuja studio peke yangu. Nimefungua picha za zamani, mwaka hadi mwaka. Dada alikuwa anapiga kwa moja ya thelathini, kamera mkononi, amebana pumzi, na kope za mtu unazihesabu. Halafu, Juni mwaka juzi, sherehe ya mwalimu mmoja aliyestaafu: picha arobaini zimetikisika. Zote. Wiki iliyofuata, kasi imepanda – mia tano. Mwezi uliofuata – elfu moja. Haijashuka tena. Hata kwa mtoto mchanga aliyelala fofofo.

Nikakumbuka kikombe anachokishika kwa mikono miwili. Mkono wa kulia unaoshinda mfukoni. Bahasha za wateja ninazoandika mimi, eti mwandiko wangu una adabu.

Na hii kamera. Sasa najua kwa nini.

Sikulia. Nimekaa tu, feni inazunguka.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji kapita kumletea Dada miwani aliyoisahau. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake la kufundishia udereva. Nikamwuliza moja kwa moja: mkono wa Dada una nini?

Akafuta kioo cha pembeni kwa kiwiko. Kioo kilikuwa safi.

Anasema alidhani ni yeye peke yake anayeona. Kila asubuhi anamfunga vifungo vya blauzi, na wote wawili wanajifanya ni mahaba.

Jumatano, 12 Machi

Nimesema.

Nilisubiri mteja wa mwisho wa asubuhi atoke, nikasimamisha stendi ya miguu mitatu katikati ya chumba. "Dada, turudie zile picha za maigizo. Kwa stendi."

"Stendi ya nini?"

"Ya mkono."

Akaniuliza nani kaniambia. Nikamwambia: kamera. Kila picha imeandikwa kasi yake na tarehe yake.

Akacheka! "Mashine mmbea hii."

Kisha akautoa mkono mfukoni na kuuweka mezani, kama mtu anayetua mzigo. Kidole gumba na cha shahada vinasuguana, vinasuguana, kana kwamba vinavingirisha punje.

"Kwenye elfu moja sitetemeki, Kitinda. Natazama picha, naona niko mzima. Sasa kwa daktari niende kufanya nini?"

Nikaushika. Ukaendelea na shughuli zake ndani ya kiganja changu. Tulikaa hivyo mpaka fundi viatu akachungulia kuomba maji ya kunywa.

Tumekubaliana: Ijumaa picha, Jumatatu daktari. Nilitaka kinyume chake. Kakataa katakata.

Ijumaa, 14 Machi

Ukumbini. Kamera juu ya stendi, waya wa kubonyezea mkononi mwangu, mlio wa kamera nimeuzima ili waigizaji wasisikie kitu. M! Moja ya sitini, ISO mia tano. Jasho mpaka kwenye visigino.

Dada kasimama nyuma ya bega langu. Ananong'ona tu: "Bado… bado… sasa." Na kila "sasa" yake ina kitu. Mzee kainua kidevu. Mkewe kageuka, machozi hayajashuka. Mimi ningebonyeza mapema mara zote. Mkono ni mkono, lakini lile jicho!

Mwongozaji akazitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Akapiga makofi. "Hapo sasa, Mama Picha! Hizi ndizo zako."

"Ni za huyu," Dada akasema.

Nikakataa. Akasisitiza. Tukarushiana kama wageni wawili mlangoni – pita wewe, hapana, pita wewe.

Picha safi. Chenga hakuna.

Jumatatu, 17 Machi

Tumetoka kwa daktari. Alimwambia anyooshe mikono, atembee mpaka ukutani, achore mstari unaojizungusha kama gamba la konokono. Alichochora Dada kimetoka kidogo sana, kimejikunja. Daktari kaandika barua kwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Miadi ni Alhamisi. Jina la ugonjwa hakulitaja. Nasi hatukumchokoza.

Njia nzima Dada alizungumzia kupaka ukuta wa mbele rangi.

Kufika studio, hakuwasha hata kompyuta. Akaburuta kiti mpaka mbele ya pazia, pale wanapokaa wateja. "Nipige."

Hajawahi! Miaka yote yuko nyuma ya kamera; ukifungua albamu za nyumbani ni kama hakuzaliwa.

"Kabla ya Alhamisi," akasema. "Na mikono ionekane. Nitaiweka mapajani."

"Kasi gani, Dada?"

"Mpiga picha ni mimi au wewe?"

Kaenda kuchana nywele. Naandika huku namsubiri. Kamera iko juu ya stendi, mwanga wa dirisha ni mzuri, laini. Kwa elfu moja, mkono utatulia kama wa mtu yeyote. Atafurahi? Kwa kumi na tano, nikimwambia abane pumzi, uso utatulia – na mkono utafanya unachofanya. Itakuwa ni yeye, wa leo. Lakini mimi ni nani wa kumtundika hivyo ukutani?

Nimeweka elfu moja.

Nimerudisha kumi na tano.

Nimeweka elfu moja.

Kakaa. Kanyoosha mgongo, mikono mapajani, ananitazama mimi, si lenzi. Anasema niache kuandika. Kidole changu kiko kwenye gurudumu la kasi –