Kabla Hujavuta Kamba

Melbourne,
16 Aprili 1924

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimepoa, na Mama ameanza kupata usingizi. Sisi huku hatujambo, ingawa mwanao Alby ana kovu jipya juu ya jicho, na mkono wa Bwana Pascoe, mwalimu wangu wa uchongaji, haujanyooka bado. Sababu ni moja, nami nimechelewa kukueleza.

Kabla ya Krismasi ulikuja karakanani na kamati yako kuikagua sanamu ya askari wetu, ikiwa bado ya udongo. Uliusifu uso wake. Ulisema watu hawaendi kwenye mnara wa mashujaa kutapika. Alby alikuwa nyuma ya pazia, Baba. Miaka sita, tangu atoke vitani, umemwambia asirudi nyumbani mpaka Mama apate nguvu za kumwona, na siku ile alikuja akuone japo wewe.

Mlipoondoka alivua skafu yake ya kufichia uso, akamkodolea macho yule askari. Akaniuliza huyu mrembo alipigana vita gani, vya kurushiana keki? Kisha akashika nyundo. Pigo la kwanza lilididimiza pua. La tatu liliangusha kichwa, waya ukabaki umechomoza shingoni. Bwana Pascoe alimtandika kwa nondo, akimwita mnyama asiye na mdomo. Alby akamkamata mkono akaukunja gotini, nami nikausikia mfupa ukikatika kama kuni kavu. Damu yao ilichanganyika na udongo sakafuni. Mzee akaguta kwamba kichwa nikifinyange mwenyewe, na kamati ikinichuna ngozi, yeye hayumo.

Nikakifinyanga. Udongo tuliufunika kwa plasta, ile chokaa laini inayoganda, tukautoa, tukamimina plasta nyingine ndani, kisha ile ya nje tukaanza kuivunja kwa patasi. Ukipiga kwa pupa, unamjeruhi yule unayemtafuta. Nilipofika kwenye taya, nikaweka ncha ya patasi, nikaiondoa, nikaiweka tena. Alby akaninyang'anya patasi. Akasema kwa ile sauti yake ya kukoroma kwamba nipishe, yeye hapo anapajua, alishapigwa. Tulicheka, Baba, mpaka nikalia.

Basi ujue kabla hujavuta kamba. Sanamu iliyopanda treni jana kuja huko, imefungwa kwa magunia, haina uso ule uliousifu. Ina uso wa Alby, na upande wa kushoto hauna taya. Ijumaa ya wiki ijayo, utakapovuta kamba na bendera inayoifunika ikaanguka, mji mzima utamwona, na Mama pia. Kamati inaweza kupiga kelele, lakini nyundo haitawasaidia. Imeshamiminwa kiwandani; sasa ni shaba.

Naye atakuwepo, mstari wa mbele, na nishani zake, bila skafu. Anasema ukishindwa kumtazama yeye, anza na yule wa shaba.

Mbusu Mama kwa niaba yetu. Mwombe siku hiyo apike supu ya kondoo, aichuje vizuri, maana Alby hawezi kutafuna. Atakula mezani, pamoja nasi.

Bintiyo akupendaye,
Thirza