Mifuko ya Kanga Niliyokushonea

Mwanangu Nassor,

Assalamu alaykum. U mzima? Na hao wanyama wako, wazima? Nawauliza na wao, maana najua wakiwa wazima na wewe u mzima. Sisi hapa Sib tumo, alhamdulillahi, ila nyumba imepwaya.

Unakumbuka uliponipigia simu mara ya kwanza kutoka hiyo hifadhi ya Australia? Ulikuwa ukicheka kama mtoto. Kuna wombat, ukasema, mnene huyo, anachimba mashimo kutwa; kuna koala, kazi yake kulala mtini; na kuna watoto wa kangaruu ambao mama zao wamegongwa na magari. "Mama, hawa wamezoea kukaa ndani ya mfuko wa tumboni kwa mama zao. Nishonee mifuko ya nguo laini, iliyofuliwa sana."

Nikakata kanga zangu kuukuu, mpaka ile niliyokuwa nikikubebea mgongoni. Bi Zuwena jirani akanikuta cherehanini. "Shoga, mwanao kenda kusoma, kawa yaya wa wanyama! Angalia asije akakuletea mkwe mwenye mkia." Tukacheka, na baba yako akacheka kutushinda sote. Yeye ndiye aliyekwenda Ruwi kukitia posta kile kifurushi.

Kisha maradhi yakamwangusha. Kitanda chake tulikiweka dirishani, na kila ndege ikishuka uwanjani akiniuliza, "Ndiyo hiyo?" Nikakupigia, nikakwambia baba yako anakungoja. Ukaniambia, "Mama, nna kitoto cha kangaruu hapa, hata manyoya hakijaota, hakinywi maziwa kwa mkono wa mwengine. Kikikua kidogo n'takuja." Baba yako akataka kujua umesema nini. Nikamwambia vile vile ulivyosema. Akageukia ukutani.

"Kina bahati kitoto hicho," akasema.

Nassor, kusoma kwangu ni kwa chuoni tu, kwa Qurani, lakini nilisomeshwa kuwa kumhurumia mnyama kuna thawabu. Silikatai hilo. Baba yako naye hakuwa kiumbe? Siku aliyozikwa, sisi wanawake tulibaki nyumbani tunasoma. Waliporudi, Khamis, mtoto wa mjomba wako, aliingia na udongo magotini, hawezi kunitazama. "Shangazi, nimeshuka kaburini kumpokea. Nimesimama pahala pa Nassor." Nikamwombea Mungu amlipe. Wewe sikujua nikuombee nini.

Hitma ya baba yako imeshasomwa, ndiyo picha yako ikafika. Kitoto kimejikunja ndani ya kanga ile ile niliyokubebea wewe, masikio tu yako nje. Nyuma umeandika, "Hakilali bila ya kanga yako, Mama." Mnyama mwenyewe hana kosa, meskini. Lakini uchungu nnao, mwanangu, na sikufichi. Nikiswali nauomba unitoke, nikitoa salamu naukuta umenikalia pale pale.

Sasa nimo edani kwa ujane huu, sitoki. Nimeshona mfuko mmoja tu, nimeukata kwa kikoi cha baba yako, alichokuwa akikivaa ndani siku zote mpaka kikalainika. Huu siutii posta. Ukiutaka, uje uuchukue kwa mkono wako, na Khamis akupeleke kaburini.

Nijibu upesi, uniambie unakuja ama huji.

Mamaako