Cheti cha Judith

Jumatatu, 3 Machi
Kazini saa moja na nusu. Nimepanga mafaili ya wateja, A hadi K. Chai kavu, mama wa maandazi hakuja. Saa nne Judith akapiga simu kutoka nyumbani, Bungoma. Anataka kwenda chuo kikuu. Ualimu, Kiswahili na Historia. Mwalimu mkuu wa shule anayosaidia kufundisha amemwambia akiwa na digrii hatakosa nafasi. Ananiomba mimi mtu wa Nairobi nimlinganishie vyuo, kipi kinataka nini.

Nimesema sawa.

Niandike wazi, hapa hakuna anayesoma. Ofisi hii inanijua kama Judith. Mimi ni Violet, mdogo wake. Mtihani wa kidato cha nne niliambulia D. Yeye alipata B-, halafu akapata mtoto, akaolewa. Akanipa cheti chake na kitambulisho, maana tunafanana, akasema angalau mmoja wetu ale. Akaripoti kitambulisho kimepotea, akapewa kingine. Namba ileile. Sasa ni miaka kumi na moja.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua kurasa za vyuo wenzangu wakienda kula. Cha hapa katikati ya mji: C+ ya jumla, na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Kile cha kanisa: vivyo hivyo, pamoja na barua ya mchungaji. Cha tatu kinafundisha wakati wa likizo, shule zikifunga. Hicho kingemfaa sana mtu mwenye watoto. Judith ana B+ ya Kiswahili na B ya Historia. Anaingia popote.

Shida ni kwamba vyote vinataka cheti chenyewe siku ya kuripoti. Na fomu ya mkopo inataka namba ya kitambulisho. Wakiiingiza tu, wataona Judith ameajiriwa Nairobi miaka yote hii. Watauliza yule wa Bungoma ni nani. Halafu watauliza wa Nairobi ni nani.

Bosi wetu, Madam Wanjiru, akapita nyuma yangu akaona kompyuta. Akafurahi, maskini. Eti kumbe Judith unarudi shule, ofisi itakupa ruhusa, niletee cheti chenyewe Ijumaa ya wiki ijayo nikione, nikuandikie barua. Nikacheka. Sijui nilicheka nini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefanya. Nimemwambia Judith vyuo vyote vinataka C ya Hesabu. Yeye ana D. Uongo mtupu. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha. Akanishukuru kwa kujisumbua. Akasema wewe ndiye unayejua mambo ya huko.

Mimi ni mshenzi.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Nikirudi, gari la polisi limesimama soko la Dagoretti. Nikajitia kwenye kibanda cha mboga, nikanunua sukuma ambayo sikuihitaji. Polisi wenyewe walikuwa wanakula mahindi tu.

Jumanne, 11 Machi
Judith ametuma picha. Ukurasa wa daftari, mwandiko wake ule wa kulala. Hesabu kumi za aljebra. Saba zina alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Binti yake wa kidato cha pili ndiye anayemsahihishia. Chini ameandika kwamba atarudia mtihani wa Hesabu, aipate hiyo C. Ana miaka thelathini na sita. Anasoma akishamaliza kukama.

Nimejifungia kwenye choo cha ofisi nikalia mpaka mtu akabisha.

Alhamisi, 13 Machi
Kesho Madam anataka cheti. Mchana nimempigia Judith nikiwa bustanini, mbali na ofisi. Nimesema yote. Kwamba anahitimu, kwamba Hesabu haihitajiki, kwamba nilidanganya kwa kuogopa kufungwa. Nilitaka anitukane. Nikasikia kuku wake.

"Na wewe utakula nini?" akauliza.

Nikamkumbusha kwamba hata yeye wanaweza kumshtaki. Akasema hilo alilijua siku aliyonipa cheti. Akaniambia niache kulia mbele za watu, niende kwa Madam mwenyewe kabla sijaitwa, halafu nimtumie cheti chake.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwambia Madam. Nilishika kiti. Alivua miwani. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akauliza jina langu hasa, akaliandika. Akachukua kadi yangu ya mlango. Jumatatu nionane na wakili wa kampuni, niende na mtu wangu. Sina mtu huku. Judith anasema atapanda gari Jumapili.

Sijawahi kuogopa hivi.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua ya rasharasha. Judith amesema cheti kitangulie kwenda nyumbani, hataki tukibebe mbele ya wakili. Nimekitia kwenye bahasha ngumu, nikaenda mjini, kwenye kaunta ya vifurushi. Foleni fupi. Msichana wa kaunta akauliza jina la mpokeaji. Nikasema Judith. Akauliza la mtumaji. Nikasema Violet. Hakusikia, akaniomba nirudie.

Nikarudia.