Komodino ya Mkono Wangu

Nyumba ya Fundi Mitwalli, chumba cha chini,
Nyuma ya yadi ya mbao,
Dumyat.

Ijumaa, 15 Oktoba 1993

Mpendwa dada yangu Wahiba,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wote waliomo nyumbani. Goti lako je? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia mwezi wa nane uliipaka, au umeiweka kabatini ukingoja na goti la pili liume? Mbuzi wa kahawia amekwisha zaa? Mimi ni mzima. Mgongo unauma kama kawaida, maana mbao hazijapungua uzito tangu nilipokuandikia mara ya mwisho. Ila nimechoka na watu wa mji huu, dada. Leo sina kazi, nimekaa kitandani, nitakueleza yote.

Najua anayekusomea ni Sabah. Sabah, mwanangu, soma kila neno. Usimrukie shangazi yako mistari kama ulivyofanya mwaka ule nilipovunjika kidole, akaja kusikia kwa watu kisimani.

Unakumbuka, dada, katika barua yenu ya mwezi wa nane, chini kabisa baada ya salamu zako, Sabah aliongeza maneno yake. Aliandika kwamba kwenye orodha ya vyombo vya harusi akina Mahrus, upande wa bwana harusi, wataleta kitanda, kabati na meza ya kioo. Zile komodino mbili za kuweka kichwani pa kitanda zimeandikwa upande wetu, kwa kuwa baba yake yuko Dumyat penye mbao. Kisha akaandika hivi: "Baba, umebeba mbao za vyumba vya maharusi wa Misri nzima, na nyumbani kwetu hakuna hata kigoda ulichokipigia msumari. Za dukani sitaki. Nataka za mkono wako."

Niliyasoma nimesimama yadini. Miaka kumi na moja niko huku na nimerudi nyumbani mara tatu.

Sasa nikuulize, komodino ni kitu gani? Miguu minne, mbavu mbili, mgongo, droo moja na ubao wa juu. Si meli. Hata mtu aliyeishia darasa la nne anaweza kuipima. Mkuu wa yadi aliniruhusu nichague vipande vilivyobaki, nikachagua mbao ngumu, kavu, zisizo na jicho la tawi. Nikaazima msumeno, randa na patasi kwa Fundi Mitwalli, mwenye nyumba yangu. Hapo ndipo nilipoharibu. Hapa ukiazima sufuria hakuna anayekuuliza unapika nini. Ukiazima randa, mtaa mzima unajua kabla hujafika mlangoni.

Maana huku, dada, kila mwanamume ni seremala, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutengeneza kitu kizima. Mitwalli maisha yake yote ni droo. Shalabi wa nyumba ya pili ni miguu na maua ya kuchonga. Bahgat wa kona ni rangi. Kitu huanza kikiwa mifupa mitupu, mmoja akimaliza sehemu yake anakiweka mlangoni, Hamuda anapita na mkokoteni wake anakichukua na kukipeleka kwa anayefuata. Na kila mmoja atakuapia kwamba sehemu yake ndiyo kazi, zilizobaki ni porojo.

Siku ya kwanza tu Mitwalli alikuja na kiti chake na gilasi yake ya chai, akakaa mlangoni kwangu kama mtu aliyealikwa.

"Shehata, unafanya nini?"

"Komodino, fundi."

"Naona miguu tu. Droo iko wapi?"

"Nimeanza na miguu."

"Anayeanza na miguu ni mtu anayetaka kukimbia. Komodino ni droo, ewe Msaidi, mtu wa kusini. Droo ikiwa sawa, chini weka hata matofali."

Nikakata mguu mmoja ukawa mfupi kidogo, nikapunguza ile mitatu, mmoja wa ile mitatu ukawa mfupi kuliko wa kwanza. Yeye anakunywa chai na kuhesabu kwa sauti. Komodino ilianza ikiwa juu ya goti, ikashuka mpaka chini ya goti, na haikuacha kuyumba mpaka siku ya nne. Lakini ilisimama. Nikaitia gundi, nikaifunga kwa kamba, nikaitazama. Ilikuwa nene na nzito kama punda, lakini ilikuwa yangu yote.

Chumba changu kina unyevu, gundi haikauki. Kesho yake mkuu wa yadi akatutuma bandarini kushusha meli ya mbao, siku tatu mfululizo na kulala huko huko. Nikaiacha komodino juani mbele ya mlango, nikamwomba Mitwalli jambo moja tu, aiingize ndani jua likishuka.

Siku ya nne narudi, mbele ya mlango hamna kitu. Ndani hamna kitu.

"Fundi, komodino yangu iko wapi?"

"Niliiingiza kama ulivyoniambia. Karakana kwangu."

"Basi nipe."

"Haipo. Niliona ile droo yako, Shehata, sikuweza kulala nayo nyumba moja. Nikakutengenezea nyingine. Ukiisukuma inarudi yenyewe polepole, kama bibi harusi."

"Sikukuuliza droo. Nakuuliza komodino."

Akajikuna shingo. "Nilipomaliza niliiweka mlangoni. Mkono umezoea. Nadhani Hamuda kapita."

Yaani mtu ana umri wa miaka sitini na tatu, dada, na mkono wake unafanya mambo bila kumuuliza.

Nikaenda kwa Hamuda. Hamuda huwa haulizi kitu ni cha nani. Anakitazama kimepungukiwa na nini, anakipeleka kwenye hicho kilichopungua. Aliniambia, "Miguu yake ilitia huruma, nikaipeleka kwa Shalabi. Vibaya?" Nikaenda kwa Shalabi.

"Ilipita hapa," akasema. "Nimekuwekea miguu ya paka, na maua mbele."

"Na miguu yangu?"

Akanyoosha kidole. Miguu yangu ilikuwa motoni chini ya sufuria ya gundi. Mitatu ilishakuwa majivu, wa nne ulikuwa unamalizikia. Ulikuwa ule mfupi, niliutambua.

"Nani alikuambia uiguse, Shalabi?"

"Kitu kimeletwa mlangoni kwangu hakina umbo. Ningekifanyaje, nikinyweshe chai?"

Nilipofika kwa Bahgat nilikuwa nimeshajua nitakachokiona, na bado nilisimama mlangoni nikishika kichwa. Dada, ilikuwa ya dhahabu. Maua ya dhahabu, makucha ya paka ya dhahabu, inang'aa kama jino la Hajati Ratiba. Sabah, hilo la jino lisikike humo chumbani tu, yule ni mama mkwe wako mtarajiwa. Bahgat alikuwa na rangi ya dhahabu mpaka kwenye nyusi, anacheka. "Shehata, mwanao atalala kama malkia."

Niliigeuza. Kilichobaki changu ni ubao wa nyuma, ule utakaotazama ukuta.

Na hawataki malipo yoyote. Nimewauliza wote watatu, wameniona kama ninawatukana. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu akikuibia unaweza kumgombeza mpaka ukapona. Hawa wamenifanyia wema, nitawaambia nini? Nimesimama katikati ya karakana nina hasira ya kuua, wananiletea vitamu na kuniuliza kwa nini sili.

Kisha wakakaa kikao bila mimi. Wakaamua kutengeneza pacha wake. Mitwalli ameshapima droo, Shalabi ameshachagua mbao ya miguu. Nikasema hapana.

"Hapana nini?" Mitwalli akasema. "Utapeleka jozi isiyofanana? Siku ya kupeleka vyombo mama wa bwana harusi atasimama na orodha mkononi mbele ya watu wote."

Hapo ana haki, na ndiyo maana nilimchukia siku nzima. Najua kijiji chetu. Wanawake watasimama milangoni kuanzia kwenye kinu cha unga mpaka nyumbani kwa Mahrus, watahesabu sufuria, watahesabu mito, na kikikosekana kitu kitasemwa mpaka mtoto wa kwanza aote meno. Nikichukua jozi ya dhahabu, Hajati Ratiba atafunga mdomo na Sabah ataingia nyumba ile kichwa juu. Lakini Sabah hakuomba dhahabu. Aliomba kitu kimoja katika miaka kumi na moja, na kitu chenyewe kimeishia chini ya sufuria ya gundi.

Nikafunga mlango. Nikatundika blanketi dirishani. Siku saba, kila nikitoka kazini mpaka magharibi, nimetengeneza nyingine humu ndani nimejifungia kama mwizi. Zana sikuazima tena kwa Mitwalli, nimeazima yadini na kuzileta zimefungwa ndani ya gunia la mkate mkavu. Haikusaidia kitu. Siku ya pili nikasikia kiti kinawekwa nje ya mlango, na gilasi inagongwa na kijiko.

"Shehata. Nasikia randa inalia vibaya."

Nikairanda kwa nguvu zaidi.

"Unakwenda kinyume na nyuzi za mbao. Geuza ubao."

Nikangoja mpaka nilipodhani ameondoka, nikaugeuza, randa ikapita kama kwenye siagi. Kutoka nje akasema, "Ehee." Mungu amsamehe, na anisamehe mimi niliyoyasema moyoni.

Jumanne jioni niliimaliza. Sabah, sikiliza nikuambie yalivyo, usije ukatarajia mengine. Miguu imenyooka, haina paka wala simba. Ubao wa juu una alama ya patasi pembeni, nilipoteleza. Nimeisugua kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu na nimeipaka mafuta ya kitani tu. Droo inakwama. Ukitaka kuifungua inyanyue kidogo upande wa kulia kisha uvute. Haiyumbi. Nimeikalia mwenyewe, na mimi si mwepesi.

Dada, usikie nilivyoamua. Orodha nimeisoma mara mbili. Imeandikwa komodino mbili. Haikuandikwa kwamba zifanane. Moja itakuwa ya dhahabu, akae nayo Mahrus, ajione mfalme. Moja ni hii, na itakaa upande wa Sabah.

Lori la vyombo linaondoka huku Jumatano baada ya alasiri, litafika kwenu Alhamisi asubuhi, siku yenyewe ya kupeleka vyombo. Nilikuwa nimpe dereva vitu vyote na barua hii. Juzi nikaibeba hii ya mbao mpaka kwenye lori lake, nikamwonyesha nafasi ya kuiweka. Akaitazama. Akaniambia, "Hii haijaisha. Nikipita Mansura nina shemeji yangu fundi wa rangi, nitaishusha kwake nusu saa tu."

Nikaibeba tena, nikatoka pale bila kuaga. Sasa nimeelewa. Kitu hiki kisipokuwa na dhahabu, kila atakayekiona kuanzia hapa mpaka kwetu Girga atadhani hakijaisha, na atataka kukimaliza. Hakuna mtu katika nchi hii ninayeweza kumwachia.

Jana nikamwendea mkuu wa yadi, nikamwambia Jumatano naondoka.

"Msimu wa meli huu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Napeleka komodino."

"Shehata, mtu mzima, unaacha kazi kwa ajili ya komodino?"

"Ndiyo, mkuu."

Akaniambia nikienda nisimtegemee kunishikia nafasi. Nikamwambia sawa. Zaidi ya hapo sikuwa na nguvu ya kumweleza, na hata sasa sijui kama angeelewa.

Kwa hiyo barua hii ninampa Fathi wa nyumba ya kinu, anayepanda treni kesho, ikufikie kabla yangu. Nitakaa nyuma ya lori, si mbele na dereva, mgongo wangu kwenye droo ili isifunguliwe na mtu. Mtu asinipokee kule barabarani na asinisaidie kuibeba. Nitaishusha mwenyewe, nitaiweka begani na kupita nayo katikati ya wanawake wote hao wanaohesabu. Na Hajati Ratiba akiuliza mbele ya watu ni nani aliyetengeneza kitu hiki, mimi nitakuwa nimesimama pale.

Nisalimie shemeji Abdel-Mawla na mpe pole ya kikohozi. Nisalimie Bibi Zannuba, umwambie siku hiyo ya vyombo mdomo wake aupumzishe kwa ajili yangu. Salamu kwa Mahrus pia, simjui vizuri lakini nasikia ni mtu wa kazi. Mungu akulinde, dada, akupe nguvu ya goti na umri wa kuwaona wajukuu wa Sabah, maana wewe ndiye uliyemlea nilipokuwa nikibeba mbao za watu.

Mimi nduguyo akupendaye, niliyechoka lakini niko njiani,

Shehata