Ijumaa ya Mtumbwi Jangwani

Al-Shumaisi,
Riyadh.
11 Januari 2026

Mpendwa Baba Mdogo Hezron,

Kabla ya salamu, itifaki inanilazimu kukutangazia, kwa heshima zote na kwa niaba ya ukoo mzima ulio nyumbani na ughaibuni, kwamba jana alasiri mimi mwanao Zablon nilinunua kofia. Ni ya majani, ina ukingo mpana na kamba ya kufungia kidevuni. Naomba habari hii ipokewe kwa utulivu.

Sasa salamu. U hali gani huko Jeddah? Goti linasemaje? Na duka la vitambaa unalolilinda pale Balad, bado wezi wanaliheshimu? Mimi ni mzima, ila baridi ya Riyadh mwezi huu inaingia hadi kwenye meno. Nyinyi wa pwani mnaokula samaki mkiwa na shati jepesi hamwezi kuelewa. Winfred naye ni mzima kule Al-Naseem. Nasema ni mzima kwa kuwa ndivyo anavyosema kwenye simu, na sauti yake huja pamoja na ya masufuria.

Jambo lenyewe ni huyo Winfred. Tangu dada yangu afike nchi hii hajapata siku moja nzima iliyo yake. Ijumaa madam anayemfanyia kazi hupokea wageni, na wageni hula. Riyadh ameiona kupitia kioo cha gari, mtoto wa watu akiwa mapajani. Mkataba wake unakwisha mwezi wa nne na anarudi nyumbani. Nimeapa kwamba hataondoka hivi hivi. Siku moja ataipata, hata kama ni lazima nikaitoe kwa koleo.

Ndipo nikaukumbuka mto. Usicheke. Kusini mwa jiji kuna bonde lenye majabali marefu pande zote mbili, na katikati yake maji yanatembea kweli, yana matete na yangeyange. Niliwahi kumpeleka bosi na wageni wake. Wao walipiga picha majabali. Mimi niliyatazama maji hadi bosi akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Kuna kampuni inayokodisha mitumbwi ya plastiki. Unaingilia juu asubuhi, unateremka na mkondo kati ya majabali, unatokea chini alasiri. Lakini si mambo ya kujiendea tu, lazima kibali. Mitumbwi ni michache kwa siku. Jaketi la kuelea huvui. Moto marufuku, kwa hiyo sahau nyama choma. Takataka zako unarudi nazo. Na wingu likionekana tu, safari halas, imekwisha, maana mvua ikinyesha mbali huko, maji hushuka bondeni bila kubisha hodi.

Nilikwenda kuomba kibali nikidhani shida itakuwa Kiarabu changu, ambacho ni cha kuendeshea gari: kulia, kushoto, simama, bado kidogo. Kumbe shida ilikuwa sisi wenyewe. Ijumaa ni ya familia. Wanaume wasio na familia hupewa siku za katikati ya wiki. Nikasema sina neno, naja na dada yangu. Karani akachukua nakala za ikama zetu, vile vibali vya ukaazi, akaziweka sambamba.

"Zablon Wandera," akasoma. "Winfred Nafula. Huyu ni dada yako?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

"Baba yenu ni Wandera au ni Nafula?"

"Ni Paul Ogola."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi akakuta ni kondoo. Kwao jina la baba humfuata mtu hadi kaburini. Nikaanza kumweleza kwamba mimi nimerithi jina la babu, na Winfred alizaliwa mvua ikinyesha ndiyo maana akaitwa Nafula. Akauliza kwa upole, "Na siku uliyozaliwa wewe, hali ya hewa ilikuwaje?" Nilirudi Shumaisi, nikampigia Mama, akatuma picha za vyeti vyetu vya kuzaliwa, nikavipeleka vikatafsiriwe kwa Kiarabu. Kesho yake karani alikuta baba ni yule yule na mama ni yule yule. Akatikisa kichwa, akatukubali.

Ikabaki madam. Nilimwendea pale getini nimevaa shati la kanisani, nikaomba Ijumaa moja. Akasema hampi msichana mtu asiyemjua.

"Baba yenu yupo nchi hii?" akauliza.

"Yupo, madam. Yuko Jeddah."

"Winfred aliniambia baba yake alifariki."

"Huyo ni mwingine."

Kisha akauliza, polepole kabisa, "Mama yenu ana waume wangapi?"

Baba Mdogo, nimewahi kukwama mchangani na gari la bosi, lakini sijawahi kukwama namna ile. Sisi tumezoea, ndugu wa baba ni baba, nani tena huongeza "mdogo" mbele ya wageni? Nikaeleza kwa mikono, nikaeleza kwa vidole, mwishowe nikachora chini kwa kijiti. "Aaa!" akasema. "Ami yenu!" Nikasema ndiyo, ami, Mungu akubariki. Akatoa sharti lake: huyo ami aje mwenyewe mlangoni kwake Ijumaa asubuhi, amwone kwa macho, ndipo Winfred atoke.

Kwa hiyo siombi, natoa taarifa. Nimeshakuandikisha. Karani alipoona Hezron Egesa, jina la tatu lisilofanana na mengine, aliweka kalamu chini, akashusha pumzi, akagonga muhuri. Kibali ni cha Ijumaa tarehe 23. Panda basi Alhamisi, uje na ikama yako na suruali isiyoogopa maji. Umwambie kafili wako, huyo mwajiri wako, kwamba ni jambo la familia. Hilo si uongo, tunacho hata kibali.

Dancan, yule mlinzi wa Kirinyaga ninayekaa naye chumba kimoja, si familia, basi hatapanda. Yeye atatushusha juu na kutungoja chini na gari. Maji mengi aliyowahi kuingia ni ya karai, lakini ushauri anao tele. "Nyinyi zameni tu," ananiambia, "mimi nitawapelekea makafili habari." Mtumbwi mmoja unabeba watu wawili wa umbo la kawaida. Tumekuchukulia wako peke yako.

Upepo hukaza baada ya adhuhuri, hivyo lazima tuwe majini mapema. Usichelewe, usitume udhuru, usimtume mtu mwingine. Winfred ataupanda mtumbwi huo hata kama itabidi niusukume kwa kifua.

Nisalimie wenzetu wa huko, Norman na Rita, na yule jirani yako wa Mombasa anayepika wali unaousifu. Mama anakusalimu sana, anasema umekaa kimya mno. Mungu akufungulie njia ya Alhamisi na alitulize goti lako.

Ni mimi mwanao nikupendaye, wala kwa hilo sikuhitaji kibali,
Zablon.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nimempigia Winfred kumpa habari, maana nilitaka kwanza mambo yakamilike ndipo aambiwe. Madam alikuwa hajamwambia lolote. Akauliza, "Kaka, siku nzima?" Nikamwambia siku nzima, tangu asubuhi. Amesema siku hiyo anataka kulala.