Pole ya Dobi

4 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujasalimu, maana najua utaanza na shikamoo ndefu ili unilainishe. Mimi mzima. Goti la kushoto linagoma kwenye ngazi, lakini mdomo haujaguswa na ugonjwa wowote, kama utakavyoona. Wifi yangu hajambo? Na wale wasichana wangu wawili wameshazoea baridi?

Pale uwanja wa ndege tuliachana kwa maneno makali. Sifuti hata moja. Mtu amekaa ofisi ya bima miaka kumi na tisa, ana kiti cha kuzunguka na kikombe chake mwenyewe, halafu anafungasha mke na watoto kwenye masanduku sita kwenda kununua duka la dobi katika nchi ambayo hajui hata kuomba maji ya kunywa! Nilisema ni wazimu, na leo narudia kwa wino.

Ila hasira naiweza. Kutojua ndiko kunakoniwasha. Niambie: mtu akinunua duka la dobi, ananunua nini hasa? Mashine? Kuta? Wateja nao wananunulika? Huyo mzee aliyewauzia amewakabidhi vipi, kwa mdomo au kwa maandishi? Na watu wa huko wanakubali tu kumpa mgeni nguo zao za ndani siku ya kwanza? Nimewauliza walimu wenzangu hapa shuleni. Kila mmoja ana jibu, na hakuna anayejua.

Usiniandikie kwamba mnaendelea vizuri. Hilo hata anayekata roho huliandika.

Dada yako


27 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na ni fupi. Sote wazima. Mdogo alipata mafua, yamekwisha. Mkubwa ameanza kuota kwa lugha ya huku, anatutisha asubuhi. Pole na goti.

Umeuliza tumenunua nini. Tumenunua chumba kirefu chenye dirisha moja la kioo. Mbele kuna kaunta. Nyuma kuna mashine mbili za kufulia, moja ya kukaushia yenye pipa ambalo mtu mzima anaweza kujikunja ndani, na meza ya pasi ya mvuke inayopumua kama ng'ombe. Juu kuna reli inayozunguka, yenye vining'inio mia mbili na arobaini, kila kimoja na namba. Ukibonyeza kitufe kwa mguu, nguo za mtaa mzima zinapita mbele yako. Kwa makoti tu nimeshamjua mwenye mbwa, mvuta sigara na aliyenenepa.

Wateja hawanunuliki. Mzee alikaa nasi wiki tatu, na kila mteja alipoingia, mzee alimwonyesha mke wangu kwa kidole akasema, "Huyu sasa." Basi. Wasichana wanamwita Babu Lebo kwa sababu hata kwenye kola yake kuna pini na namba. Somo lake kubwa ni moja: nguo ikipokelewa, ikunjuliwe chini ya taa mbele ya mwenyewe, na kila kasoro iandikwe kwenye risiti kabla hajaondoka. Doa, kifungo, mshono. Usipoandika, kasoro ni yako.

Somo hilo lina uzito kuliko unavyodhani. Kibali chetu cha kuishi huku kimefungwa kwenye leseni ya duka, na leseni ni ya majaribio, miezi kumi na miwili. Mteja mmoja akilalamika na malalamiko yakathibitika, bodi ya leseni ina haki ya kulifunga duka. Duka likifungwa, wanne sisi tunafungasha.

Wifi yako ndiye aliyeko kaunta, na watu wanampenda. Alimuuliza mwalimu wake wa lugha, "Pole mnasemaje?" Mwalimu akajikuna kichwa, mwisho akampa neno. Sasa analigawa kama pipi: kwa aliyebeba furushi zito, kwa anayekohoa, kwa aliyenyeshewa. Wanamtazama kwa mshangao, halafu wanacheka.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu zote nimezipata, na reli yako imeninyima raha. Ikikwama je? Nguo zenye namba inayofanana zikigongana? Na anayekufa kabla ya kuchukua suti yake, suti inakwenda wapi? Jibu yote matatu.

Hiyo leseni yenu ni kitanzi chenye muhuri. Familia nzima kuning'inizwa kwenye kifungo cha shati la mtu! Ningekuwa huko ningeiandikia hiyo bodi mpaka waniombe nipumzike. Na usiniambie ndio utaratibu wao. Utaratibu mbaya haupati adabu kwa kuandikwa kwenye karatasi nzuri.

Lakini lililonifanya niwashe taa mchana ni neno la wifi. Mwalimu alimpa neno gani hasa? "Akajikuna kichwa" maana yake nini? Miaka ishirini na nane nafundisha Kiswahili, na sijawahi kufikiri kwamba kuna watu wanaishi, wanazaa na kuzikana bila pole. Muulize mkubwa wako, yule anayeota kwa lugha yao. Neno hilo watu wa huko wanalisema lini? Nataka mifano, sitaki maoni.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Afya tunazo, ila hatulali vizuri.

Mkubwa alikujibu swali lako siku ile ile, mimi sikulituma kwa sababu nililiona dogo. Alisema neno lile watu wa huku wanalisema wakimkanyaga mtu mguu. Hawalisemi pengine popote. Magari yakigongana, madereva wanashuka wamefunga midomo, wanaogopa lisiwatoke.

Katikati ya Aprili mwalimu mstaafu wa muziki, tunamwita Mama Koti, alileta koti la kijivu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Wifi yako alilipokea bila kulikunjua chini ya taa. Siku ya kulichukua, mama yule akaingiza mkono ndani yake, na bitana, kile kitambaa cha ndani, ikafunguka kutoka kwapani hadi kiunoni. Wifi yako akashika kifua akasema lile neno. Akalirudia. Akaongeza "sana".

Mama Koti akauliza, "Kwa hiyo unakubali?" Wifi yako akadhani anaulizwa kama koti ni zuri. Akasema ndiyo.

Malalamiko yamefika kwenye bodi, ushahidi ni neno lenyewe. Tunasikilizwa tarehe kumi na tisa. Babu Lebo ananishauri nikane kila kitu. Mshauri wa wageni anasema wifi yako aseme hajui lugha, kwamba alitoa sauti tu, neno halikuwa na maana. Nilimpelekea ushauri huo jikoni. Alikuwa anamenya viazi. Akaniambia, "Mwambie aje yeye aniambie mimi ni kasuku." Tangu hapo ananijibu kwa mkato.

Dada, wewe ndiye mtu wa maneno katika ukoo huu. Niandikie ukurasa mmoja, ueleze pole ni nini. Mkubwa atautafsiri na kuusoma mbele ya bodi. Duka, shule ya wasichana, kila kitu kinategemea ukurasa huo.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na mbusu wifi kwa niaba yangu. Kasuku! Huyo ndiye niliyemchagua mimi, usisahau.

Ukurasa ni huu. Mkubwa asome polepole.

"Waheshimiwa, katika lugha yetu mtu akijikwaa barabarani, hata aliye upande wa pili humwambia pole, na hajawahi kushtakiwa kwa kuliweka jiwe. Daktari humpa pole mgonjwa ambaye hakumwambukiza. Jirani humpa pole mfiwa ambaye hakumuulia mtu. Mpita njia akimkuta mtu analima humwambia pole na kazi, na jembe si lake. Neno hili halina mkosaji ndani yake. Lina aliyeumia tu, na mwingine ambaye hakutaka kupita kimya. Anayetaka kukiri kosa tumempa neno lake, samahani, na kosa likiwa zito hupiga magoti na kusema nisamehe. Mwanamke huyu alitafuta neno la kwanza katika lugha yenu, akapewa la pili, kwa sababu la kwanza hamna. Kumwadhibu kwa hilo ni kumwadhibu mtu kwa upungufu wa kamusi yenu."

Sentensi ya mwisho mkubwa ataniomba aipunguze makali. Asithubutu.

Sasa weka ukurasa kando, nikuulize mimi. Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi. Umenieleza foleni, umenieleza neno, bodi, mshauri, viazi. Hujaandika popote ni nani aliyeichana bitana. Umejiuliza? Au ile ofisi ya bima, iliyokulipa miaka kumi na tisa uwafundishe watu kutokiri, umeisafirisha kwenye sanduku la saba?

Ukurasa wangu ni wa kweli hata kama koti mmelichana nyinyi. Ndio maana unaniogopesha. Mtu anaweza kuusoma wote, asikosee neno, akawa anajificha nyuma yake. Neno hilo sikulilea ili liwe pazia.

Jiulize, kisha unijibu.

Dada yako


23 Juni

Dada,

Shikamoo. Sote wazima.

Barua yako niliisoma nimesimama kaunta, na kwa siku mbili nilikuwa na hasira nawe. Sanduku la saba! Siku ya tatu nilimfuata Babu Lebo nikamuuliza mashine inawezaje kuchana nguo. Akacheka, akasema nivae mkononi soksi ndefu ya nailoni, ile nyembamba ya kike, niingie kwenye pipa la kukaushia nilipapase lote. Ukiwa na mkono mtupu huwezi kusikia kitu, nailoni inanasa.

Nilifunga duka saa ya chakula cha mchana, nikaingia hadi mabega, tochi mdomoni. Soksi ilinasa. Nyuma ya ubao wa ndani unaopindua nguo kuna skrubu iliyolegea, kichwa kimejitokeza kama ukucha. Chini yake kulikuwa na uzi wa kijivu, umejisokota.

Nilikaa sakafuni. Wifi yako akaja akauona. Nitakwambia nilivyosema, maana ukijua kwa mwingine itakuwa mbaya zaidi. Nilisema, "Skrubu ni dakika mbili. Uzi ni wa kutupa."

Akasema, "Utupe. Halafu wewe ndiye uende ukaseme neno langu halikuwa na maana, maana kweli litakuwa halina. Mtu akimpa mwenzake pole huku ameficha kisu, hiyo si pole tena, ni dharau."

Tarehe kumi na tisa tulikuwa watano: sisi wanne na bahasha. Chumba cha bodi ni kidogo, kina meza ya duara na dirisha lisilofunguka. Mkubwa alisoma ukurasa wako. Kwenye ile sentensi ya kamusi alinitazama, nikamwashiria aendelee. Mwenyekiti, mama mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani, alimsimamisha mara mbili arudie lile la jiwe. Mmoja wa wajumbe aliandika neno "pole" kwenye karatasi yake, akawa analitamka bila sauti. Kisha mwenyekiti akasema, "Basi neno si ukiri. Na bila ukiri, malalamiko hayana ushahidi."

Dada, tulikuwa tumeshinda. Mama Koti alikuwa ameshaanza kukusanya mkoba wake.

Niliweka bahasha mezani, nikautoa ule uzi, nikaeleza skrubu. Mwenyekiti akavua miwani ya puani akavaa ya kichwani. "Kwa nini umetuletea hii?" Nilikuwa nimeandaa jibu zuri, likanipotea lote. Nikasema, "Dada yangu aliniuliza."

Wifi yako akasimama, akamgeukia Mama Koti, akasema lile neno lao. Mara hii kwa maana yao.

Wajumbe walitoka nje nusu saa. Waliporudi walisema kosa limethibitika. Duka lifungwe wiki mbili, fundi akague mashine zote, na miezi kumi na miwili ianze kuhesabiwa upya siku tutakapofungua. Likitokea jingine, hakutakuwa na mazungumzo. Kwa hiyo tumerudishwa mwanzo kabisa, lakini tupo.

Bitana wifi yako ameishona kwa mkono. Mama Koti alikuja, akaigeuza chini ya taa muda mrefu, akalichukua koti lake na kuondoka. Hajarudi na sidhani kama atarudi.

Mdogo wako


11 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, nyote wanne. Goti limenyooka kidogo, naanza kuamini lilikuwa linanuna tu.

Barua yako nimeisoma mara nne, na sikupata mahali pa kuweka wino mwekundu. Kwa hiyo nauweka kwangu.

Lile swali nililokuuliza, nilijua jibu lake linaweza kuwarudisha nyumbani. Nilikuwa nimeshakipaka rangi chumba cha nyuma na kununua vitanda viwili vya wasichana. Nilitaka kujua ukweli, kama ilivyo kawaida yangu. Na nilitaka mrudi. Kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa kimeshika kalamu siku ile, sijui, na unajua nilivyo mzito kusema sijui mbele ya mtu. Ulipowaambia wale watu kwamba dada yako alikuuliza, uliniheshimu kuliko nilivyostahili.

Fungueni duka. Soksi ipite kwenye pipa kila Jumatatu, na unitumie barua kila inaponasa.

Chumba nimempangisha mwalimu mpya wa hesabu. Kitanda kimoja amekifanya meza. Anafua vibaya mno, anachanganya nyeupe na nyekundu kwenye beseni moja huku anapiga mluzi. Jana nimeshindwa kuvumilia, nikamnyang'anya beseni. Akaniuliza mimi na kufua wapi na wapi.

Nimemwambia mdogo wangu ni dobi.

Dada yako